Dordogne na mama mwenye magoti mabovu

Dada, nimekuelewa: unataka kumtembeza mama vijijini Dordogne, Ufaransa, kwa siku nne, magoti yanamsumbua, na hujui kama mtahitaji gari. Kodini gari. Treni inafika Sarlat na Les Eyzies, lakini mapango na ngome vimetawanyika, na mabasi ni machache.

Pango lenyewe la Lascaux, maarufu kwa michoro ya kale ukutani, limefungwa kwa umma tangu 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaiharibu michoro. Montignac, mji ulio karibu na hapo, mtaona nakala ya pango hilo, na ni nzuri kweli. Ila mama mpeleke pango la Rouffignac! Kule mnaingia kwa kitreni cha umeme hadi ndani kabisa, na michoro ya mamothi (tembo wa kale wenye manyoya) ni ile halisi, ya maelfu ya miaka. Abebe sweta, kuna baridi. Majira ya baridi hufungwa, kwa hiyo hakikisheni tarehe.

Ngome ya Castelnaud ina mwinuko mkali. Itazameni kutoka mtoni, kwa mashua zinazoondokea kijiji cha La Roque-Gageac. Sarlat nendeni Jumamosi, siku ya soko.

Kabla ya kukata tiketi, mama amwone daktari wake: kukaa muda mrefu kwenye ndege kunaweza kugandisha damu miguuni.