Kabla Hujaua Mtu Ufukweni
Wiki hii nimesoma miswada mitatu ya vijana wetu wa riwaya za upelelezi. Katika mmoja, mpelelezi anashuka kwenye boti Malindi, bandari yetu ya Unguja, mwezi wa Februari, kaskazi inachoma, naye kavaa koti refu. Mwanangu, huyo atazimia kabla hajafika Darajani! Basi nimeona niandike, maana kila mwaka ni yale yale.

1. Muuaji wako akihukumiwa hapa hapelekwi Magereza, anapelekwa Chuo cha Mafunzo. Na anayegongewa mlango usiku ni sheha, si mwenyekiti wa mtaa. Ukikosea hapo, msomaji wa Unguja keshajua umejifunza upelelezi kwenye tamthilia za Bara.

2. Maiti hailali siku tatu ikimsubiri mpelelezi wako apate fikra. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri kashazikwa. Nyie mnaona kikwazo, mimi naona zawadi: haraka ya maziko ndiyo mwanya wa muuaji, na muosha maiti ndiye aliyeiona alama ya shingoni kabla ya sanda. Miswada mitatu, na hakuna aliyemhoji muosha hata mmoja. Jamani!

3. Saa na maji. Hapa nikae kidogo, maana ndipo nilipoumbuka.

Katika riwaya yangu ya kwanza tajiri mmoja ananyongwa Jambiani, saa nne za usiku, mwezi mpevu. Askari wamefunga barabara, kwa hiyo njia imebaki moja tu: bahari. Muuaji anaisukuma ngalawa, anatweka tanga, huyo. Niliipenda mno picha ile, tanga jeupe na maji yanameta. Fumbo lote nililijenga juu yake. Kijana mmoja masikini, aliyekuwa na kisa na marehemu, anaachiwa kwa sababu hana chombo. Miezi minane nilipanga nani alikuwa wapi dakika gani. Mhariri akasifu. Prufu nikazisoma mara mbili. Kitabu kikatoka.

Nakala ya kwanza nikampelekea shangazi yangu, mkulima wa mwani huko huko Jambiani. Nikakaa barazani namtazama anavyosoma, miwani yake upande mmoja imefungwa uzi. Alipofika sura ya kumi na moja akaweka kidole kwenye mstari, akainua uso.

"Mwezi mpevu, saa nne za usiku?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na ngalawa kaibeba kichwani?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto wa nasari. Mwezi ukipevuka ni bamvua, maji hujaa mno na kukauka mno. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, na kwenye saa nne yamekauka, mchana na usiku. Saa nne ya asubuhi ndiyo wao wanakuwa huko chini kwenye mwani, wanatembea kwa miguu yao. Muuaji wangu ngalawa angeikuta imekaa mchangani kama kitanda.

Ningekuwa mgeni ningesamehewa. Mimi nimezaliwa kisiwa hiki, ila niliandikia ghorofani Michenzani, mwezi nikauona dirishani, bahari sikuiuliza.

Shangazi hakuwa amemaliza. "Basi huyu uliyemfunga siye," akasema. "Kaua yule kijana asiye na chombo. Pwani kukavu, katembea mchangani mpaka Paje, askari wako wamekaa barabarani."

Nikaupitia ushahidi wote kichwani, pale pale barazani. Bibi huyu alikuwa sahihi kabisa. Kurasa mia mbili na ushei, na nimemfunga asiye na hatia.

Siku hizi kalenda ya mwezi iko ukutani kwangu. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Hesabuni kabla hamjaua.

4. Kiko ni cha Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, anacho tangu 1960. Mpelelezi wenu mtafutieni kitu chengine, hata kashata.

5. Mswada usomwe na mtu wa pwani kabla ya mhariri. Mhariri anajua nukta na mkato.

Kila Sikukuu nikienda Jambiani, shangazi huniuliza yule mtu nitamtoa lini Chuo cha Mafunzo. Toleo la pili halijapata mchapishaji, kwa hiyo bado yumo.