Tofali la simenti kuwa gumu haimaanishi sumu imeshikwa

Wengi wakiwa na tope lenye metali nzito wanachofikiria ni changanya na simenti, likauke, kazi imeisha. Mi pia nilianza hivyohivyo. Tope letu lilitoka kwenye kazi ya kupaka vyuma kromu, tukachanganya, tofali likatoka gumu kwelikweli nikafurahi, tukaliloweka kwenye ndoo na baada ya siku chache maji yakawa ya manjano. Manjano ile ndo kromu yenyewe inatoka.

Iko hivi, simenti haishiki metali kwa ugumu tu, inafanya maji ya ndani ya tofali yawe na alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) 12 na kuendelea, na metali nyingi zinaganda humo zinakuwa haziyeyuki. Ila kromu sita, ile aina ya kromu yenye sumu kali inayoyeyuka kwenye maji, haigandi hivyo, lazima kwanza uigeuze iwe kromu tatu, aina isiyoyeyuka kirahisi, sisi tulitumia feras salfeti (chumvi ya chuma), ndo simenti ikafuata na maji hayakuwa manjano tena.

Risasi na zinki nazo ziangalie sana, zinatulia vizuri pH ikiwa karibu 9 au 10, ikipanda sana zinaanza kuyeyuka upya, yaani kuna wakati unaongeza simenti na sumu inazidi kutoka!! Hili watu hawakubali mpaka waone majibu ya maabara. Halafu zinki inachelewesha simenti kushika, nimewahi kukaa na uji siku kadhaa haugandi. Mafuta kwenye tope pia yanaharibu, yatoe mapema.

Kwa hiyo usimwage mfuko mzima siku ya kwanza. Pima tope ujue lina metali gani, tengeneza vitofali vidogo vyenye viwango tofauti vya simenti, viache siku 28 ndo upeleke maabara. Kipimo cha Marekani cha kuona sumu inatoka kiasi gani kinaitwa TCLP, wanavunja tofali mpaka vipande vipite kwenye tundu la milimita 9.5, wanavizungusha masaa 18 kwenye maji ya asidi ya siki yenye uzito mara 20 ya vipande, na risasi au kromu kwenye maji hayo ikifika miligramu 5 kwa lita, au kadmiamu 1, umefeli. Mi napenda kwamba wanalivunja, maana huko litakakozikwa litapasuka tu siku moja.

Na vaeni glavu na barakoa nzuri jamani, vumbi la kromu sita linaleta saratani ya mapafu.