Mume wangu anaondoka na rimoti ya kiyoyozi

*Shangazi, shikamoo. Tunaishi Dar es Salaam, mimi, mume wangu na mtoto wetu wa miezi saba. Mwaka jana tulifunga kiyoyozi chumbani, BTU 12,000, cha kawaida, si inveta. Zamani umeme wa 50,000 ulitufikisha mwisho wa mwezi, sasa siku 12 tu umekata. Mume wangu anadai nakiwasha mchana kutwa kwa sababu nashinda nyumbani. Siwashi, Shangazi. Yeye ndiye anakiweka 16 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sasa anaondoka na rimoti kwenda kazini. Na fundi kila baada ya miezi mitatu anasema gesi imeisha. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Kutuhumiwa jambo usilolifanya ndani ya nyumba yako kunauma, na hiyo rimoti inayobebwa kwenda kazini imenisikitisha kuliko bili. Lakini barua yako ina hesabu inayotosha kumaliza ubishi, tuipige pamoja.

Kwa nyumba inayotumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 292, na ukiongeza VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama 356. Ondoa kodi ya jengo ya 1,500, ile 50,000 inabaki na uniti 136 hivi. Zamani zilikaa siku 30, yaani uniti 4.5 kwa siku. Sasa zinakaa siku 12, yaani 11.3 kwa siku. Tofauti ni karibu uniti 7, na hizo ndizo za kiyoyozi.

Mashine ya BTU 12,000 isiyo ya inveta hula kama kilowati 1.1 kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ikizunguka (soma wati kwenye kibandiko cha mashine yenu). Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, kwa hiyo uniti 7 ni saa sita na kidogo za kompresa. Usiku wenu una saa nane. Kwa hiyo usiku peke yake unazimaliza. Ingekuwa kinawaka mchana kutwa na usiku pia, mngekuwa mnapoteza uniti 15 au zaidi kila siku.

Usimpelekee mumeo hesabu hii kama hati ya mashtaka. Mwombe mpime pamoja usiku tatu. Saa nne usiku andikeni uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, na saa kumi na mbili asubuhi andikeni tena. Usiku wa kwanza muweke 16, wa pili 26 na panga boi likizunguka, wa tatu panga boi tu. Usiku huo wa tatu utawapa ulaji wa friji na vinginevyo, mtautoa kwenye zile mbili. Usiku zote pasiwe na pasi wala jiko la umeme, la sivyo kipimo kimeharibika.

Kwa nini 16 inaumiza? Mashine isiyo ya inveta haina mwendo wa haraka na wa polepole. Kompresa huzunguka kwa nguvu ileile, kisha hukata chumba kikifika kiwango ulichoweka. Ukiweka 16, chumba hakipoi haraka zaidi kuliko ukiweka 25. Kwa joto la Dar, hasa kama madirisha ni ya luva, huenda kisiifikie 16 usiku mzima, na kompresa isipumzike. Ukiweka 26, hukata na kuwaka. Panga boi hula kama wati 70, yaani nusu uniti kwa saa nane, na upepo wake hukausha jasho mwilini. Isitoshe, 16 ni baridi mno kwa mtoto wa miezi saba. Zibeni upenyo wa chini ya mlango kwa khanga iliyokunjwa, na luva zisizofunga vizuri wekeeni nailoni kwa ndani.

Sasa huyo fundi. Hapa nakuwa mkali, kwa sababu mnaibiwa ama kwa kutojua ama kwa makusudi. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Ikipungua, inavuja, mara nyingi kwenye nati za mabomba ya kopa, ndani au nje. Dalili yake ni bomba jembamba la mashine ya nje kushika barafu na chumba kutopoa. Fundi apake povu la sabuni kwenye kila nati aone mapovu, arekebishe, avute hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, ndipo ajaze gesi kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kama gesi yenu ni ya aina ya R410A, ijazwe ikiwa majimaji, kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi mbili. Anayekuja na mtungi bila pampu wala mizani, usimfungulie.

Kabla ya kumwita, zima kwenye swichi, chomoa chujio mbili zilizo nyuma ya kifuniko cha mbele, osha kwa maji, zianike kivulini. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Chujio lililoziba huleta barafu pia, na wapo mafundi wanaouza gesi kwa tatizo la vumbi.

Jambo moja mnapaswa kulikubali wote wawili: 50,000 haitarudi kutosha. Kwa 16, kiyoyozi peke yake kinawagharimu kama 75,000 kwa mwezi. Kwa 26 na panga boi, kompresa ikipumzika nusu ya muda, itakuwa kama 53,000. Mkitega taima kizime saa kumi alfajiri, itashuka zaidi. Basi pangeni bajeti ya umeme ya kama 100,000, yenye majina yenu wote wawili, na rimoti ikae kwenye meza ya chumbani.