Usimpunguzie mchawi nguvu, mrefushie siku
Kaka, uchawi wake wa mpira wa moto usiupunguze. Unasema mchawi wenu wa levo ya 5 kwenye D&D (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu) anamaliza kila pambano huku mwenye mhusika mpiganaji akichezea simu. Wanapigana mara ngapi kabla ya kulala? Kwa maelezo yako, mara moja. Hapo mchawi yeyote lazima atambe.

Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kinakadiria mapambano 6 mpaka 8 ya wastani au magumu kwa siku. Sisi huku Mbeya hatufikishi, baridi ya jioni ikiingia kila mtu anawaza daladala, ila hata 4 yanatosha. Mchawi wa levo ya 5 ana nafasi 2 tu za kurusha uchawi wa daraja la 3, ambalo ndilo la mpira wa moto. Dadu 8 za pande 6 za mpira huo zinaumiza, sawa, lakini akisharusha mara mbili nafasi hizo zimekwisha, na mapumziko mafupi yanaweza kumrudishia moja tu kwa siku; zaidi ya hapo mpaka alale. Panga la mpiganaji haliishi, na mbinu zake zinarudi kwa mapumziko mafupi ya saa 1 tu.

Kwa kuwa hadithi yenu ya mchezo inaelekea Ziwa Ngozi, wavizie kwenye mianzi kabla hawajafika ukingoni, halafu tena kwenye mteremko wa kushukia majini. Maadui watawanyike, mpira mmoja usiwapate wote. Na mwenye upinde amlenge mchawi: akijeruhiwa wakati anashikilia uchawi unaotaka umakini, anarusha dadu ya pande 20, akifeli unakatika. Wengi wanaisahau sheria hiyo, halafu wanalalamika.