Mikono ukiisugua inapata moto au inapata joto?

Msomaji mmoja, mwalimu wa sayansi darasa la sita, kaniuliza hivi: mwanafunzi wake kaandika "nikisugua mikono inapata moto", yeye akamkata maksi manake alitaka "joto", sasa wenzake ofisini wanambishia. Nani yuko sahihi?

Mwalimu mwenzangu, mrudishie mtoto maksi zake. Moto kwa Kiswahili sio ule unaowaka tu, tunasema chai ya moto, uji wa moto, na wazee walishasema maji ya moto hayachomi nyumba, yaani walijua kabisa kwamba moto wa kwenye maji sio ule wa kwenye jiko lakini jina wakaliacha lilelile. Breki zinapata moto, mikono inapata moto, ni Kiswahili safi kabisa. Ila ukitaka kutaja nishati yenyewe hapo sema joto, na kile unachosoma kwenye kipimajoto ni halijoto, vitabu vingine vinaandika jotoridi. Haya mawili usiyachanganye: ndoo nzima ya maji vuguvugu ina joto jingi kuliko kikombe cha chai ya moto, japo halijoto ya chai ndo iko juu.

Kinachoniuma mimi ni kwamba kwenye vitabu vyetu joto kila mahali "linazalishwa", basi, wakati lugha ina vitenzi vinavyokuonyesha limetokea wapi. Chukua kupekecha. Unatafuta kijiti kikavu kigumu, ndo ulindi, unakisimamisha kwenye kishimo cha mti laini unaoitwa uwimbombo, alafu unakizungusha kwa viganja huku unakandamiza kwenda chini, unazungusha tu bila kupumzika mpaka unatoka unga mweusi, unga unaanza kufuka moshi, hapo unauweka kwenye majani makavu unapuliza. Mtoto akishalijua neno hilo, msuguano keshauelewa nusu.

Kwa kemikali tuna kuchemka. Waashi wa pwani wanaijua chokaa iliyotoka kwenye tanuri, ukiimwagia maji inachemka yenyewe na mvuke juu, jiko hakuna! Pale maji na chokaa vinaungana kuwa kitu kingine na joto linatoka kwenye huko kuungana.

Na vitu hai vina fukuta, neno ninalolipenda sana. Lundo la mboji linafukuta, manake bakteria wanakula yale majani na samadi na kila anayekula na kupumua anatoa joto, kama mwili wako unavyojiweka kwenye nyuzi 37 kwa chakula ulichokula. Katikati ya lundo panaweza kufika nyuzi 60. Wakulima wanachomeka kijiti kirefu, baada ya siku kadhaa wanakichomoa na kukishika, kikiwa cha moto wanajua mboji inaiva. Ndizi ulizovundika nazo ni hivohivo, ingiza mkono chini ya yale majani utasikia.

Kwahiyo swali la mtihani liwe "joto hili limetokana na nini", alafu mwache aandike pekecha, chemka, fukuta. Maksi ukitaka kukata kata kwenye ngeli: joto limepanda, halijoto imepanda, moto umezidi. "Joto imepanda" usiiache ipite.