Kuandaa nako ni ibada?

Ndugu, umeuliza kama Myahudi anapata thawabu kwa maandalizi au kwa amri yenyewe tu. Maandalizi nayo yamo, tena sana. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia kuwa Rava, mwalimu mkubwa wa Babeli, alikuwa akitia chumvi samaki wa Sabato kwa mkono wake mwenyewe. Hoja ni kwamba kuitimiza amri mwenyewe ni bora kuliko kumtuma mtu. (Hebu mfikirie sheikh wa hadhi hiyo, vidole vinanuka samaki!) Ndiyo maana Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga, ikiisha tu jioni, wengine wamefuturu sasa hivi, wanatoka nje kupigilia nguzo ya kwanza ya kibanda cha Sukoti, yaani Sikukuu ya Vibanda. Sikukuu yenyewe bado siku nne.