Seli zinashikana au zinashikilia?

Swali: Natafsiri mada ya baiolojia kuhusu mishipa mipya ya damu. Niliandika: "Vipokezi vya mshikamano husaidia seli kushikana ili mishipa ikue." Mhariri ameirudisha, anauliza nani anamshika nani. Kosa liko wapi?

Jibu: Mhariri ana hoja. Kiambishi -an- katika "kushikana" kinadai pande mbili zinazotendeana. Hilo linaifaa kadherini, protini ya kwenye uso wa seli: seli mbili jirani za ukuta wa ndani wa mshipa, kila moja hutoa kadherini yake, nazo hushikana uso kwa uso mradi kalsiamu ipo. Kalsiamu ikiondolewa, zinaachana.

Integrini, protini nyingine ya uso wa seli, ni habari tofauti. Ina minyororo miwili, alfa na beta, iliyopenya utando wa seli. Kwa nje hushika protini za nyuzi kama fibronektini, kwa ndani huungana na kiunzi cha seli. Hapa fibronektini ndiyo inayoshikwa. Hapo andika "seli hujishikiza kwenye nyuzi" au "hushikilia nyuzi". Seli inayotambaa hushikilia mbele na kuachia nyuma. Seli nyingi zikikosa kabisa pa kujishikiza, hufa. Ukiandika "kushikana", mwendo huo wote unapotea.

"Kushikamana" si kosa, na "seli hushikamana na nyuzi" ni Kiswahili safi. Ila ukilitumia kwa integrini na kadherini ndani ya aya moja, utarudishiwa kazi tena. "Mshikamano" ningeuacha kabisa. Unanukia jukwaa la siasa.

Halafu "ikue". Mishipa ya mtoto nayo hukua, kwa kurefuka na kupanuka. Wewe unazungumzia mishipa inayotoka kwenye mingine, basi tumia chipua na chipuka, bila kuzichanganya: mshipa wa zamani huchipua, mpya huchipuka. Na usiseme "mshipa" peke yake mara ya kwanza, maana wapo watakaoelewa ugonjwa wa ngiri.

Ningeandika hivi: "Integrini huiwezesha seli kujishikiza kwenye nyuzi na kusogea, kadherini huzishikanisha seli jirani, na hivyo mshipa mpya wa damu huchipuka kutoka kwenye ule wa zamani."

Ngeli ni I-/ZI-: integrini hii inashika, integrini hizi zinashika. Binadamu ana aina 24, na hakuna hata moja inayohitaji "ma-" mbele yake.